Kicheni pati ya mdogo wangu kwa mapambo ya kizamani: niliyoyakodi na niliyoyaazima

Tangu picha za ile kamba ya kanga tuliyoifunga kwenye kicheni pati ya mdogo wangu zianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, naulizwa kila siku: mpambaji ni nani, ulilipa kiasi gani, vile vikombe vya bati umevipata wapi. Naandika yote hapa mara moja. Jina la mpambaji nalihifadhi, kwa sababu baadhi ya mambo hayakwenda sawa na tumeshayamaliza wenyewe. Lakini pakeji aliyoniuzia inafanana na wanazouza wapambaji wengi wa Dar, kwa hiyo niliyoyaona yatakufaa hata ukienda kwa mwingine.

Mdogo wangu aliolewa Agosti. Kicheni pati ya ukumbini hakuitaka kabisa. Tumeshahudhuria nyingi mno: kamati, vikao vya michango, sare, MC anayepiga kelele mpaka saa sita usiku, wanawake mia mbili wamepanga foleni wakicheza na masufuria kichwani. Ni furaha, sikatai, na mimi mwenyewe nilifanyiwa hivyo. Yeye alitaka wanawake 36 tu, nyumbani kwa mama mkubwa Magomeni, uani chini ya mkungu, tuanze saa tisa alasiri na magharibi ikiingia tuwe tunamalizia. Nikamuuliza mapambo ya rangi gani. Akanitumia picha moja.

Ni picha ya mama yetu, nyeusi na nyeupe, imepigwa studio Kariakoo miaka ya sabini. Mama kachana nywele afro, kavaa raizoni, amesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari na minazi. Mkono mmoja ameuweka kwenye kiti cha mbao chenye kitambaa cha kufuma mgongoni. Mama hayupo sasa, ametutoka mwaka wa 2014. Mdogo wangu akaandika chini ya picha: "Dada, nataka pafanane na hapa."

Kwa hiyo nikaanza kutafuta mtu wa kupamba kizamani. Wenyewe wanaita vinteji. Nilizungumza na watatu, nikamchukua huyu kwa sababu ndiye pekee aliyekubali nikaone stoo yake kabla sijatoa hela. Pakeji ilikuwa shilingi 950,000 kwa watu 40: viti, meza tatu ndefu, meza ya keki, ukuta wa maua nyuma ya kiti cha bibi harusi, taa, mishumaa, na vitu vya kale vya kuwekea pembeni. Usafiri 60,000 mbali. Amana ya vifaa 200,000, irudishwe baada ya ukaguzi. Nililipa nusu ya hela siku ya kuandikishana, na nusu ya pili wiki ya shughuli.

Stooni pale usiangalie kwa macho peke yake, shika. Nilishika kila kitu. Viti vilikuwa vya mninga kweli, vizito, vya miguu iliyochongwa, alivinunua kimoja kimoja kwenye nyumba za zamani zilipokuwa zinabomolewa. Hapo nilimpenda. Alikuwa na masanduku mawili ya bati yaliyopakwa rangi, yale ambayo bibi zetu walifungia nguo na kuyasukuma mvunguni, na kufuli zake bado zinafanya kazi. Alikuwa na chemli sita, mashine ya taipu, baiskeli ya Phoenix iliyosuguliwa ikang'aa, na redio kubwa ya mbao. Redio haikuwa inasema, lakini kijana wake mmoja alikuwa ametia spika ndogo ya bluutuu ndani ya kasha, muziki ukawa unatoka mlemle kwenye kitambaa cha mbele kilichopauka. Nilisimama mbele ya ile redio muda mrefu. Ilikuwa kama ya kwa bibi.

Upande wa pili wa stoo ndio ulionitia shaka. Vitambaa vya meza vilikuwa lesi ya nailoni, ya kununua kwa mita, inateleza. Maua yote ya plastiki. Na kulikuwa na makreti ya chupa za jemu zilizofungwa kamba ya katani shingoni. Nikamuuliza hizi za nini. Akasema ndiyo vinteji yenyewe, dada, kila mtu anaziomba.

Nikamwelewa, kwa sababu nilikwishaangalia picha nyingi mtandaoni na chupa zile zipo kila mahali. Asili yake ni Marekani. John Landis Mason alipewa hataza ya chupa ya kifuniko cha kukaza kwa hesi mwaka wa 1858, na watu kule wakawa wanahifadhia matunda na mboga za kula msimu wa baridi. Mwanamke wa kule akiiona mezani anamkumbuka bibi yake na kabati la jikoni. Ni sawa kabisa kwake. Lakini kwa mama mkubwa Magomeni hakuna aliyewahi kusindika pichi. Chupa ile ingekaa mezani nzuri, na asingekuwepo hata mgeni mmoja wa kusema "Ehee, hii nakumbuka." Nami nilichokuwa nakitafuta ni ile ehee. Nikamwambia chupa abaki nazo, aniongezee chemli mbili. Akakubali bila kubishana, hilo nampongeza.

Mengine nikayafuata kwenye makabati ya wenyewe. Wiki mbili nilizunguka kwa shangazi Ilala, kwa mama mdogo Temeke, kwa somo anayemfunda mdogo wangu, Kigogo, nikipiga hodi na kuomba vitu ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna anayevitazama. Vitambaa vya kufuma nilipata 22. Kama umekulia Dar unavijua: vinavyowekwa kwenye makochi, juu ya televisheni, juu ya friji, kila kimoja kimefumwa kwa sindano ya kroshia na mtu unayemjua. Shangazi alinitolea cha duara chenye ncha kama jua, akasema alikifuma akiwa na mimba ya kwanza, miezi mitatu ya kulala chali, hana pa kwenda. Mezani hakuna viwili vilivyofanana, vingine vyeupe, vingine vimeiva rangi ya chai. Vilifunika kabisa ile nailoni. Niliandika jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi na kukibana nyuma ya kila kimoja kwa pini. Usiruke hatua hii. Kitambaa cha mtu kikipotea, hakuna duka la kukinunua.

Vikombe vya bati nilinunua Kariakoo, dazeni tatu, 30,000 kila dazeni, vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Kila mgeni alinywea chake na kuondoka nacho. Deli la kahawa na vijiko virefu viliazimwa. Picha za akina mama, 30, nilizipeleka kuskaniwa na kuchapishwa upya kwa 1,500 kila moja, kwenye karatasi isiyong'aa maana juani karatasi ya kung'aa haionyeshi sura. Nakala ndizo nilizotundika kwa vibanio vya nguo. Picha halisi usizipeleke uani, upepo hauna adabu na chai inamwagika.

Halafu kanga. Kwenye mwaliko niliandika kila mgeni aje na kanga yake moja ya zamani ambayo jina lake, yale maneno yaliyochapwa, lina maana kwake. Nilikusudia tuzikunje kwenye sanduku la bati kama pambo. Ilivyotokea ni vingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikubaliana wafike saa mbili asubuhi. Saa tatu simu haipokelewi. Saa nne napokelewa naambiwa wako njiani, wamekwama Ubungo. Walifika saa tano na dakika ishirini, na gari likiwa na ukuta wa maua usio wa kwetu. Tulichagua krimu na waridi iliyofifia. Waliotuletea ulikuwa buluu ya kukoza na pinki, wa shughuli nyingine ya jana yake, na haukuwa umefutwa vumbi. Mpambaji mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye harusi Mbezi. Nilimpigia, akaomba radhi, akasema wa kwetu umelowa. Sikufurahi hata kidogo. Unapolipa nusu ya pili kabla ya siku yenyewe, ndipo pale unapojua huna cha kushikia. Safari nyingine nitaacha hata 200,000 ya kumalizia siku yenyewe, baada ya kuona vitu.

Nisiwasahau vijana wake wawili walioshusha mzigo. Walifanya kazi kwa moyo. Mmoja aliyapanga masanduku na taipu pale chini ya mkungu kwa jicho ambalo sina mimi, akaweka baiskeli ikiegemea ukuta, kikapu chake kimejaa majani ya mrehani aliyoyachuma palepale uani kwa mama mkubwa baada ya kuomba ruhusa. Maua ya plastiki hakuyagusa. Nilimpa yake pembeni.

Ukuta tukausimamisha hivyohivyo. Agosti Dar ni kusi, na kuanzia adhuhuri upepo unaamka. Saa saba na nusu nikasikia kishindo. Umelala kifudifudi, umekwangua keki kidogo ukingoni na umevunja kioo cha chemli moja. Wageni saa tisa.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama ukuta ulivyolala, akasema, "Uacheni hapohapo. Nileteeni kamba ya kuanikia." Tukafunga kamba kutoka kwenye mkungu mpaka kwenye nguzo ya bomba la maji, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Wageni walivyoanza kuingia, kila mmoja kanga yake ikachukuliwa na kutundikwa, pindo chini, jina likisomeka. Upepo uleule ulioangusha ukuta ndio ukawa unazipepea. Nyuma ya kiti cha bibi harusi kukawa na ukuta wa maneno.

Wengi mnajua kanga inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana, na ina pindo pande zote, mji katikati, na jina upande wa chini wa mji. Majina yalianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Zilizokuwa kwenye kamba ile zingine zilichapwa hapahapa, kiwanda cha Urafiki cha Ubungo kilichofunguliwa 1968, na wazee walizitambua kwa kuzishika tu: pamba yake nzito, imeoshwa mpaka imekuwa laini kama shavu.

Tulisoma moja moja. Mwenye kanga anasimama, anasoma jina, anasema kwa nini ameileta. "Wema hauozi." "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika," hii ilipigiwa vigelegele mpaka jirani akachungulia. Mama mmoja wa Mwananyamala alileta "Hasidi hana sababu". Akasema aliinunua kumsema mpangaji mwenzake, wakawa wanapishana ukumbini kila mmoja na yake, miezi hawasalimiani. Uchungu wa mtoto wake wa pili ulipomshika usiku wa manane, mume yuko safarini, aliyemfunga kanga kiunoni na kumpeleka hospitali ni yuleyule mwenzake. Kanga aliyofungwa ndiyo hiyo. Akamtazama mdogo wangu, akamwambia, "Mwanangu, utagombana na watu. Usigombane mpaka ukakosa wa kukugongea mlango." Hakuna aliyekuwa na simu mkononi wakati ule.

Ya mwisho aliileta mama mkubwa, amekaa nayo mapajani tangu mwanzo. Ni kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe wanayovaa maharusi wa Pwani. Ilikuwa ya mama. Sikujua kama ipo. Alikuwa nayo kwenye sanduku lake tangu mwaka ule wa msiba, kwenye majani makavu ya mchaichai ili isiliwe na nondo. Nimeishika mkononi. Kipande kimoja kimepindwa kwa uzi mweupe mpaka nusu ya ukingo, halafu uzi umebadilika ukawa mweusi mpaka mwisho. Mishono ya mkono, midogo, imelala sawa kama mchele. Mama mkubwa akasema, "Uzi ulituishia usiku wa kuamkia harusi yake, tukamalizia na wa kushonea viatu vya shule vya kaka yenu." Mdogo wangu aliufuata ule mshono kwa kidole, akafika pale rangi inapobadilika, akasimama hapo. Tukamfunga. Hatukuitundika.

Baada ya hapo somo akaomba nafasi yake. Wasioolewa na watoto wakatolewa, simu zikaingia kikapuni, mkeka ukatandikwa. Ya mkekani hayaandikwi.

Chakula nakipita haraka kwa sababu kilikuwa cha nyumbani: vitumbua, kaimati, sambusa, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, na kahawa na kashata kwa wazee. Keki iligeuzwa upande uliokwanguliwa ukaangalia ukuta. Muziki ulitoka kwenye redio ya mbao, dansi la NUTA Jazz na la Mlimani Park kwa wale wa umri wa mama, na taarabu ya zamani kidogo. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu alitusimulia habari za Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akasema kwao kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na yeye ndiye aliyekuwa akiizungusha. Wasichana wadogo wakamzunguka. Mchezo wa kutambua picha ulishindwa na binti wa miaka kumi na moja aliyewajua akina mama wote kwa masikio yao.

Kuhusu taa, sikiliza hili kama shughuli yako ni ya nje. Mishumaa yote ya pakeji ilizimika ndani ya dakika kumi. Chemli hazikuzimika hata moja, maana kioo chake kinaukinga utambi huku hewa ikipita kwa mpango chini na juu. Jua lilipozama, saa kumi na mbili na nusu hivi, tukawa na chemli saba zilizobaki, harufu ya mafuta ya taa, na asmini. Binamu yetu wa Unguja alituletea asmini na boti ya mchana, bado matumba, tukawatungia wageni vikuba pamoja na mrehani. Asmini hufunguka jioni. Mchana hawakuisikia, lakini giza lilipoanza kuingia uani kukanukia kote kwa wakati mmoja, na watu wakanyamaza.

Tuje kwenye hesabu na nyota. Amana ilichukua siku tisa na simu nne kurudi, wakakata 15,000 ya kioo cha chemli. Nilibisha, kwa sababu kioo kilivunjwa na ukuta wao waliousimamisha bila kuufunga. Mwisho mpambaji alikuja mwenyewe, akamwamkia mama mkubwa shikamoo, akakaa, akakubali kosa, akarudisha ile 15,000 na 100,000 nyingine ya ukuta uliokuwa siwo. Kwa hilo nimemwongezea nyota. Viti na vitu vya kale nampa tano kati ya tano, bila kusita. Vijana wake tano. Muda, mbili. Maua na lesi, moja. Jumla nampa tatu na nusu.

Ukiniuliza kama pakeji nzima inafaa, nitakwambia usinunue pakeji nzima. Muombe orodha ya kitu kimoja kimoja. Nililipa 950,000, na nikihesabu vilivyotumika kweli siku ile, yaani viti, meza, masanduku, redio, chemli na baiskeli, havifiki 600,000 kwa bei zake mwenyewe. Vilivyobaki vilikaa vimelala nyuma ya tangi la maji. Na anza kupiga hodi kwa wazee mapema, wiki mbili zilikuwa chache. Mama mdogo ana pasi ya mkaa na cherehani ya mkono niliyoambiwa habari zake baada ya shughuli.

Sasa wifi yetu ni mjamzito, anatarajia Desemba, na wenzake kazini wamemshauri afanyiwe sherehe ya mtoto kabla hajajifungua. Mama mkubwa amesema kwake hakuna kupambia mtoto ambaye hajafika, asubiri arobaini. Wifi amekubali. Kwa hiyo itakuwa Januari au Februari, uani palepale, na nimeshamwandikia mpambaji yuleyule: viti 25, meza mbili, redio, chemli kumi, masanduku yote mawili. Maua abaki nayo. Bei tumeafikiana 380,000, nusu kwanza, nusu siku yenyewe nikishaona gari limeshusha. Na kamba ya kuanikia bado ipo, mama mkubwa amekataa kuifungua.